UMEIPATA KWA NANI? Elimu juu ya Wasomali na amana iliyomo sandukuni mwa bibi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu. Asili yake ni Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Wazee wake walihamia huku kwetu miaka mingi nyuma. Anaandika tasnifu juu ya wanawake waliosomesha dini Barawa. Nyumbani kwao lipo sanduku la bibi yake, na ndani yake mna madaftari yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mengine ni ya Kiarabu chenyewe, mengine ni ya Chimini, lugha ya Wabarawa, ambayo sisi Waswahili tukiisikiliza kwa utulivu tunaijua kuwa ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Bibi mwenyewe yu hai, alhamdulillah. Ana miaka 84, na mengi ya yaliyomo kwenye madaftari anayasoma kwa moyo, bila kuyatazama.

Binti akaenda kwa msimamizi wake kwa furaha. Msimamizi akamwambia: hayo ya bibi yako ni kumbukumbu za familia, anza na vitabu vya wataalamu. Akampa orodha. Binti akaipitia juu mpaka chini, hakuona jina la Msomali hata mmoja. Akaniandikia: "Ustadh, kwani bibi yangu si mtaalamu?"

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Leo namjibu, na kwa idhini yake namjibu mbele yenu, kwa sababu jambo hili si la binti mmoja wala si la Wasomali peke yao. Somo ni refu kidogo. Chukua chai yako, soma polepole.

*KWANZA: ELIMU YETU ILIANZA NA SWALI*

Wenye kusoma hadithi wanajua. Ukimpelekea mwanachuoni wa hadithi maneno, hakuulizi kwanza kama maneno hayo yanapendeza. Anakuuliza: umeyapata kwa nani? Na yeye kayapata kwa nani? Walikutana? Waliishi zama moja? Hifdhi yake ikoje? Ni mkweli? Ana maslahi gani katika habari hii? Abdullah bin Mubarak, Allah amrehemu, aliihesabu isnadi kuwa ni katika dini, kwani bila hiyo kila mtu angesema alitakalo. Na msingi wake uko ndani ya Qur'an: katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah anatuamrisha tuchunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Angalia sababu iliyotajwa pale: tusije tukawadhuru watu. Habari isiyochunguzwa inaumiza watu wenye majina na watoto.

Sasa katika elimu hiyo ya hadithi kuna aibu moja wanachuoni waliichukia sana, nayo ni *tadlisi*. Tadlisi ina sura nyingi. Mojawapo ni mpokezi kumficha mtu wa kati aliyempa habari, akaileta kama kwamba ameichota mwenyewe kwenye chemchemi. Nyingine ni kumtaja sheikh wake kwa jina lisilojulikana ili asitambulike. Imam Shu'ba bin al-Hajjaj alikuwa mkali mno juu ya jambo hili. Na mpokezi asiyejulikana ni nani tunamwita *majhul*, na habari yake tunaihesabu dhaifu.

Shika maneno hayo mawili, tadlisi na majhul. Tutayahitaji.

*PILI: TUWAPIME WALIOANDIKA*

Karne moja na nusu sasa, mtu akitaka kuwajua Wasomali hupelekwa kwa waandishi fulani. Hebu tuwaulize kwa adabu maswali yale yale tunayowauliza wapokezi wetu wa hadithi.

Wa kwanza ni Richard Burton. Alikuwa ofisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Mwaka 1854 alitua Zeila akijifanya mfanyabiashara wa Kiarabu, akaingia Harar mwanzoni mwa 1855, na kitabu chake kikatoka 1856. Mtu aliyeingia nyumba za watu kwa jina la uongo, akala chakula chao na kuswali nao, ndiye aliyekuwa dirisha la Ulaya kuwaangalia Wasomali. Yako mengi ya kweli ndani ya kitabu chake. Hata yeye alikiri kuwa nchi ile imejaa washairi. Lakini wewe mwanafunzi wa hadithi, mtu aliyeanza safari yake kwa kudanganya jina lake, ungemweka daraja gani?

Wa pili ni Douglas Jardine. Huyu alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Somaliland. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kuhusu Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, aliyepigana na Waingereza kwa miaka 20 hivi, mpaka wakaleta ndege za kivita kuipiga ngome yake ya Taleh mwaka 1920. Jina la kitabu lilimwita Sayyid mwendawazimu. Adui yako ndiye anayeandika wasifu wako, na anaanza na kukutia wazimu kwenye jalada. Jina hilo limerudiwa madarasani mpaka likawa kama jina lake halisi.

Wa tatu ni Enrico Cerulli, Mtaliano. Alikuwa mjuzi mkubwa wa lugha, hilo hatumnyimi. Lakini pia alikuwa kiongozi mkubwa katika utawala wa Italia Afrika Mashariki zama za ufashisti, makamu wa gavana mkuu, na aliwahi kuwa gavana wa Harar. Huyu anatuhusu moja kwa moja, kwa sababu ndiye aliyechapisha mwaka 1957 kile kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Zunuj, kinachoelezea habari za pwani yetu. Kwa hiyo historia yako wewe msomaji wa Mombasa na Lamu, sehemu yake imepitia mkononi mwa gavana wa kikoloni.

Wa nne ni I. M. Lewis, na huyu ndiye aliyetawala uwanja kuliko wote. Alifanya utafiti katika Somaliland ya Waingereza kati ya 1955 na 1957, kwa fedha za baraza la utafiti la makoloni la Uingereza, akachapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1961. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba ufunguo wa Msomali ni ukoo wa baba. Anaungana na ndugu dhidi ya binamu, anaungana na binamu dhidi ya wa mbali, na siasa yote imejengwa juu ya hapo. Insafu inatulazimu tuseme kwamba Lewis alijifunza mengi, na kitabu chake chenyewe kilisema wazi kuwa kinawahusu wafugaji wa kaskazini. Tatizo ni lililofuata baadaye. Picha ya wachunga ngamia wa kaskazini ikatandazwa juu ya watu wote: mkulima wa mtama baina ya mito Shabelle na Juba, nahodha wa Merka, mfumaji nguo wa Mogadishu, kadhi wa Barawa. Wote wakawa wachunga ngamia wasiokuwa na dola wala kitabu.

Na hapa ndipo tadlisi inapoingia. Ndugu zangu, wageni hawa hawakuzaliwa wanajua Kisomali. Nyuma ya kila kurasa zao walikuwepo wakalimani, wazee waliohesabu nasaba, mashekhe waliofasiri mashairi, wanawake waliosimulia. Mara nyingi watu hao katika vitabu wamekuwa "mzee mmoja", "mtoa habari wangu", "mkalimani". Sheikh amefichwa, mwanafunzi amekuwa imamu. Kuna wakati jina hufichwa ili kumlinda mtu, na hilo linaeleweka. Lakini kuficha kwa sababu tu humwoni kuwa ni mwanachuoni, sisi tuna jina la jambo hilo tangu karne ya 2 Hijria.

*TATU: YALIYOACHWA NJE YA ORODHA*

Sasa tuangalie kilichokuwepo kabla ya Burton.

Ibn Battuta aliingia Mogadishu mwaka 1331 hivi, akiwa njiani kuelekea Mombasa na Kilwa. Alikuta nini? Alikuta desturi kwamba faqihi akishuka chomboni hapelekwi popote kabla hajaonana na mtawala. Akaletewa tambuu na popoo. Akalazwa wapi? Katika *nyumba ya wanafunzi*, yaani mji ule ulikuwa na nyumba maalumu ya wanaotafuta elimu. Akalishwa wali kwa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Akashuhudia kadhi na mawaziri wakikaa kusikiliza mashtaka ya watu. Na akaandika kwamba mtawala alisema lugha ya Mogadishu na Kiarabu anakijua. Huo ndio mji wa watu wanaosemwa hawakuijua serikali mpaka Mzungu alipofika.

Msikiti wa Ijumaa wa Hamar Weyne, Mogadishu, mnara wake una maandishi ya mwaka 636 Hijria, sawa na 1238. Msikiti wa Fakhruddin ni wa 1269. Mawe hayo yalikuwepo hapo miaka yote, hayakuhitaji mkalimani.

Nenda Zeila. Mwanafunzi yeyote wa fiqhi ya Kihanafi anakijua kitabu cha Tabyin al-Haqa'iq. Mwandishi wake ni Fakhruddin Uthman bin Ali *al-Zaylai*, aliyefariki mwaka 743 Hijria. Mwanafunzi yeyote wa hadithi anakijua Nasb al-Raya, kitabu kilichozifuatilia hadithi za al-Hidaya moja moja na kueleza daraja zake. Mwandishi wake ni Jamaluddin Abdullah bin Yusuf *al-Zaylai*, aliyefariki 762 Hijria. Wote wawili walibeba jina la bandari ile na kusomesha Cairo. Maustadh wangapi wananukuu Nasb al-Raya kila wiki mimbarini na hawajawahi kujiuliza Zaila ni wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, Allah anisamehe.

Katika Al-Azhar kulikuwa na *riwaqu* ya wanafunzi wa Jabart, watu wa upande ule wa Pembe ya Afrika. Kutoka familia iliyosimamia riwaqu hiyo akatoka Abdulrahman al-Jabarti, mwanahistoria aliyezaliwa 1753. Jeshi la Napoleon lilipoivamia Misri mwaka 1798, lilikuja na wataalamu wake wa kuiandika Misri. Na mtu ambaye asili ya wazee wake ni upande wa Zeila akakaa chini akawaandika *wao*: tabia zao, silaha zao, matangazo yao, hata makosa ya Kiarabu chao. Kumbe hata sisi tuliwahi kuwatazama na kuwaandika.

Nenda vijijini. Mtoto wa Kisomali akianza chuo cha Qur'an anafundishwa irabu za Kiarabu kwa istilahi za Kisomali, na Wasomali wanaunasibisha utaratibu huo kwa Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ambaye kaburi lake liko karibu na Hargeisa. Kama sisi tulivyofundishwa fataha, kisiri na dhumma kwa sauti za kwetu. Mtu aliyebuni njia ya kuwasomesha watoto wa taifa zima ni mtaalamu wa elimu, iwe jina lake limo katika orodha ya msimamizi au halimo.

Na nenda Barawa kwenyewe, anakotoka binti yetu. Huko alitoka Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyeieneza Kadiria mpaka Unguja zama za Sayyid Barghash, na kutoka Unguja wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wakaingia bara. Unaikubali tarika au huikubali, hilo ni somo jingine. Lakini wako watu bara ya Tanzania ambao babu zao walitamka shahada kupitia mlolongo unaorudi Barawa. Huko aliishi Dada Masiti, mwanamke mcha Mungu aliyetunga mashairi ya dini kwa Chimini na kumlilia kwa utungo Sheikh Nurayni bin Ahmed Sabir alipofariki mwaka 1909. Wanawake wa Barawa wameyahifadhi tungo zake kizazi baada ya kizazi, vifuani.

Vifuani, ndugu zangu. Sisi umma ambao Qur'an yetu imehifadhiwa vifuani kabla ya karatasi, leo tunakubali kuambiwa kuwa kilichomo kifuani mwa bibi si elimu!

*NNE: MWAKA 2015*

Wasomali hawakunyamaza. Mwaka 1992 Abdi Ismail Samatar aliandika kuipinga hoja ya ukoo, akaonyesha kwamba mfumo wa zamani haukuwa ukoo mtupu. Ulikuwa na *xeer*, yaani sheria za makubaliano, na ulikuwa na Uislamu; na kwamba ukoloni na biashara yake ndivyo vilivyovunja mizani hiyo, ukoo ukabaki silaha mikononi mwa wanasiasa. Mwaka 1995 Ali Jimale Ahmed akahariri kitabu kilichohoji namna "Somalia" yenyewe ilivyobuniwa katika maandishi. Tangu 2001 kuna jarida la Bildhaan, lililoanzishwa na Ahmed Samatar.

Kisha ikaja Machi 2015. Likatoka jarida jipya la kitaaluma lililobeba jina la Somaliland, na katika wahariri na washauri wake hakuwemo Msomali. Safia Aidid, dada wa Kisomali aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa katika historia huko Harvard, akauliza mitandaoni: vipi? Mtafiti mmoja wa Ujerumani akajibu, kwa maana yake, kuwa haoni vijana wengi wa Kisomali waliojitolea kwa utafiti wa dhati. Hapo moto ukawaka. Mjadala ukapewa jina la *Cadaan Studies*. Cadaan kwa Kisomali ni mweupe, na hiyo c wanaisoma kama 'ayn yetu. Yaani: hii ni elimu ya weupe kuhusu Wasomali, si elimu ya Wasomali.

Nawaambia ukweli, jibu la yule mtafiti ndilo lililoniuma kuliko jarida lenyewe. Watu ambao maktaba na makumbusho yao ya Mogadishu yameteketea kwa vita baada ya 1991. Watu ambao nyaraka za babu zao ziko London na Roma, na ili kuzisoma wanahitaji viza ambayo pasipoti yao haipati. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988 walizifukia kanda za redio ardhini ili sauti za washairi zisipotee, na leo zipo, zinasikilizwa. Watu waliofukia kanda chini ya mabomu ndio wanaoambiwa hawaithamini elimu?

*TANO: TUSIVUKE MIPAKA YA UADILIFU*

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua comment zitakazokuja. Kuna kijana ataandika: "Basi Ustadh, tutupe vitabu vyote vya makafiri." Hapana. Suratul Maida, aya ya 8, Allah anatukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Na maimamu wetu wa hadithi walipokea kutoka kwa watu wakweli hata wale waliotofautiana nao kimadhehebu. Walipima ukweli na umakini, hawakupima rangi.

Mchukue Andrzejewski, mtaalamu wa lugha mwenye asili ya Poland aliyesomesha London. Alifanya kazi miaka mingi pamoja na Musa Galaal, mwanachuoni wa fasihi ya Kisomali, na kitabu cha Galaal cha hadithi za Kisomali kikatoka 1956 kwa jina la Galaal. Mgeni akasaidia, mwenyeji akabaki na jina lake. Hiyo ni isnadi iliyonyooka.

Au chukua kumbukumbu za mahakama ya kadhi wa Barawa za 1893 hadi 1900. Zimechapishwa na Alessandra Vianello pamoja na Mohamed Kassim, na baadaye wao wawili, pamoja na Lidwien Kapteijns, wakachapisha tungo za dini za Barawa mwaka 2018. Mzungu na Mbarawa, majina yote jaladani. Mauzo ya nyumba, talaka, mirathi, madeni, vyote vilivyoandikwa na makadhi wenyewe miaka zaidi ya 100 nyuma. Leo mtu hawezi tena kusema Barawa haikuwa na sheria. Kazi kama hii tunaishukuru, na anayeifanya tunamuombea kheri.

*SITA: NA SISI TUJIPIME*

Hii ndiyo sehemu ngumu, na bila hii somo lote lingekuwa ni majivuno.

Sayyid Muhammad Abdallah Hassan hakuwa mwendawazimu. Tumekubaliana. Lakini je, sasa tumfanye malaika? Sheikh Uways al-Barawi aliuawa mwaka 1909 pale Biyoley, na waliomuua hawakuwa Waingereza wala Wataliano. Walikuwa wafuasi wa Sayyid. Waislamu walimuua sheikh wa Kiislamu pamoja na wanafunzi wake. Ukiandika historia ya ukombozi ukaruka ukurasa huo kwa sababu unakuaibisha, umefanya tadlisi ile ile uliyomlaumia Mzungu.

Pili, katika bonde la Mto Juba wako watu wanaosema Kizigua mpaka leo. Wazee wao walitoka upande wa Tanga katika karne ya 19, wakauzwa utumwani, kisha wengi wakatoroka na kujenga vijiji vyao msituni. Waliowasafirisha ni wafanyabiashara wa pwani yetu hii, na waliowanunua walikuwa wakisema La ilaha illa Llah. Kwa miaka mingi wameitwa *jareer*, wenye nywele ngumu, na kudharauliwa na Waislamu wenzao wanaoswali nao safu moja. Vita vilipozuka walinyang'anywa mashamba, wakakimbia. Baadhi yao wakarudi Tanzania, wakapata makazi Chogo, mkoani Tanga, nchi ya mababu zao. Vitabu vilivyoeleza dhulma hiyo kwa uwazi, kimoja ni cha Mmarekani, Catherine Besteman, cha mwaka 1999, na kingine ni cha Msomali, Mohamed Eno, cha mwaka 2008. Kwa nini mgeni alitangulia kulisema? Kwa sababu wenyeji wengi walinyamaza.

Tatu, mwaka 2000 katika mkutano wa Arta, Djibouti, viti vya bunge viligawanywa kwa mpango unaoitwa 4.5. Koo 4 kubwa kila moja fungu lake zima, na wengine wote waliobaki, wakiwemo watu wa Juba na wengi wa miji ya pwani, wakakusanywa pamoja wakaitwa *nusu*. Sisemi kuwa kitabu fulani ndicho kilicholeta mpango huo. Wasomali wenyewe walikaa wakaupitisha, na walikuwa na sababu zao za kutafuta amani. Lakini tazama: fikra kwamba mtu ni ukoo wake kwanza imetoka kwenye kurasa, imekaa kwenye viti vya bunge, na Mwislamu amehesabiwa nusu. Suratul Hujurat hiyo hiyo, aya ya 13, inatuambia mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana, na mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi. Hakuna nusu katika aya ile.

Kwa hiyo kuuondoa ukoloni katika elimu si kumtoa Mzungu kitini akakaa Msomali wa ukoo mkubwa na kuwaficha wale wale waliofichwa. Kama bibi wa Barawa na mzee wa Kizigua hawajaulizwa, basi kiti kimebadilisha mtu tu, dhulma iko pale pale.

*SABA: NA SISI WASWAHILI?*

Usimwangalie Msomali kwa huruma ya mbali. Sisi pia tuliambiwa kwamba misikiti ya Kilwa na Gedi imejengwa na wageni, kwamba mji wowote wa mawe lazima uwe wa Mwarabu au Mwajemi, na Mwafrika alikuwepo kama mbeba mawe tu. Vizazi vya wataalamu waliandika hivyo, mpaka uchimbaji wa maeneo kama Shanga, kisiwani Pate, ukaonyesha mji ulioanza kwa nyumba za miti na udongo za wenyeji, na msikiti mdogo ukikua pamoja nao hatua kwa hatua. Na ubaya ni kwamba sisi wenyewe tuliupenda uongo ule, kwa kuwa ulitupa nasaba ya kujivunia.

Na Msomali jirani yetu tumemjua kwa kitabu gani? Kenya, tangu vita vya 1963 hadi 1967 kule kaskazini mashariki, jina lake limekuwa *shifta*. Mwaka 2014 Wasomali wa Eastleigh walikusanywa kwa maelfu na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Askari aliyemvuta mama kwa mkono alikuwa na picha kichwani, na picha hiyo iliandikwa na mtu. Hii ndiyo madhara aliyotutahadharisha Allah: kuwadhuru watu kwa kutojua.

*JIBU LANGU KWAKO, BINTI YANGU*

Umeniuliza kama bibi yako ni mtaalamu. Ndiyo. Kwa mizani ya dini yetu ni mpokezi, na ni wajibu wako kumtendea kama mpokezi.

Usimgombeze msimamizi wako. Visome vitabu vyote alivyokupa, visome vizuri kuliko yeye, uvipime mmoja mmoja kama nilivyoonyesha hapa. Mwonyeshe yale madaftari ya kadhi wa Barawa yaliyochapishwa. Naye ataona kwamba sanduku kama la bibi yako limeshawahi kuwa kitabu cha chuo kikuu.

Lakini kabla ya kufungua kitabu chochote, kaa na bibi. Wiki hii, si baada ya mitihani. Mrekodi kwa idhini yake. Kila utungo muulize: umeupata kwa nani, bibi? Naye kapata kwa nani? Andika majina kamili, miji na miaka. Piga picha kila ukurasa, na nakala uweke mahali pawili. Na asikupendeze sana mpaka ukaacha kumchunguza: kumbukumbu ya mzee nayo huteleza, nawe linganisha, uliza wenzake. Kumheshimu mpokezi ni pamoja na kumhakiki. Kisha jina lake liwe wazi ndani ya tasnifu, jina lake na la aliyemsomesha, mpaka mwisho wa mlolongo. Asiwe "mzee mmoja wa Barawa".

Na sisi wengine tuliosoma mpaka hapa: nani nyumbani kwake hana sanduku? Tanga, Lamu, Bagamoyo, Moroni, Muscat, Minneapolis. Madaftari ya babu tumeyaachia mchwa, mengine tumeyachoma tulipohama nyumba. Kisha tunalalamika kwamba Mzungu ameandika historia yetu. Ameandika kwa sababu alikuja kuuliza, na sisi tulikuwa tumelala kitanda kimoja na jibu. Wenye uwezo, wekeni waqfu wa kuwasomesha vijana wetu historia na lugha, kama mnavyochimba visima. Hiyo nayo ni sadaka yenye kuendelea, inshaAllah.

Ewe Mola wetu, warehemu wanachuoni wa Zeila, Mogadishu, Merka na Barawa, tunaowajua na waliofichwa majina. Warehemu waliouzwa na wazee wetu, na utusamehe. Mpe bibi huyu afya na umri wenye baraka mpaka amana ifike. Tujaalie kuwa waadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Ukiwa na mzee nyumbani, usinijibu hapa kwanza. Inuka ukamuulize swali moja, kisha rudi utuambie amesema nini, *na jina lake*.